Mguu Mmoja Chini

Kutoka nyumbani kwa Alute, kule Sepuka, hadi lango la kiwanda cha kukamua alizeti mjini Singida ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa baiskeli, endapo upepo umelala na wakwe hawajaamka. Asubuhi hiyo upepo ulikuwa umelala. Lango lilikuwa likifungwa saa moja kamili, na Alute alikwishachelewa mara mbili mwezi huo. Akichelewa mara ya tatu, msimamizi alikwishamwambia kwa upole wa kutisha, asijisumbue kuja tena.

Basi kulipopambazuka akamwona baba mkwe wake katikati ya barabara na fimbo mkononi, na nyuma yake mashemeji wawili, Gerald na Christopher, wakiswaga ng'ombe kwenda mnadani. Mkwe hasalimiwi kutoka juu ya baiskeli. Unashuka, unailaza chini, unachuchumaa, unaamkia, kisha unajibu habari za watoto, za mbuzi na za mvua, moja baada ya nyingine, bila kuangalia saa. Heshima hiyo huchukua robo saa. Alute alikuwa na dakika tatu za ziada.

Akabuni jambo ambalo hakuna aliyewahi kulithubutu mbele ya mkwe. Alishusha mguu mmoja, wa pili akaubakiza kwenye pedeli.

"Shikamoo, baba."

Mzee aliutazama ule mguu wa juu kwa muda, kama hakimu anayekagua kielelezo.

"Na huo mwingine hauniamkii?"

"Nawahi kazini, baba."

"Gerald," mzee akasema bila kupaza sauti, "msaidie shemeji yako kushuka."

Gerald alimsaidia kwa fimbo ya mgongo, na ya pili ya shingo. Alute alishuka miguu yote miwili, pamoja na kichwa. Christopher akamkalia kifuani na kumtwanga ngumi ya mdomo. Jino la mbele likamtoka. Alute alipapasa, akapata pampu ya baiskeli, akamshushia nayo Christopher sikioni hadi damu ikachuruzika. Kisha akamng'ata Gerald mkono, wala hakuachia mpaka alipopigwa teke la tumbo.

"Msimuue," mzee alionya. "Nani atamlisha dada yenu Marietha?"

"Goti je?" Gerald aliuliza, akihema.

Mzee alitafakari kwa haki.

"Moja tu."

Fimbo ilitua gotini kwa mlio mkavu. Alute alipomaliza kulia, alichuchumaa jinsi goti lilivyomruhusu, akatema damu pembeni kwa adabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu hajambo?"

"Hajambo."

"Nenda basi. Utachelewa."

Kipigo, cha ajabu, kilichukua dakika sita tu, pungufu sana kuliko salamu. Alute alizifidia zile tatu zilizozidi kwa kukanyaga pedeli kwa mguu mmoja, akilia kwenye kila mlima.

Alipofika, mlinzi Febronia alikuwa anasukuma lango.

"Saa moja, kaka."

Alute aliingiza gurudumu la mbele kwenye upenyo. Febronia, mwanamke mwaminifu kwa kazi yake, akalibamiza lango kwa nguvu zote. Spoku zikakatika. Akabamiza tena, na rimu ikajikunja. Mara ya tatu Alute alipenyeza bega lake, chuma kikamchana hadi kiwiko, akaangukia ndani kifudifudi juu ya saruji.

Febronia alitazama saa yake, halafu akamtazama yeye.

"Wewe umewahi," akasema. "Baiskeli imechelewa."

Alute alilala palepale akipiga hesabu. Kwa goti lile, kutembea hadi Sepuka ni saa saba. Angetoka kazini saa kumi na mbili jioni, angefika saa saba usiku. Ili kuliwahi lango la kesho, ilimpasa aondoke kwake saa sita usiku. Akahesabu upya kwa vidole, kimoja kikiwa kimevunjika. Jibu halikubadilika: alitakiwa kuondoka nyumbani saa nzima kabla hajafika.