Kidaka Kikubwa cha Bi Tahiya

Riyama alikuwa na maringo ya kazi, na fundi asiyekuwa nayo basi hana kazi. Mtu akimwambia, "Wewe si yule wa vinyumba vya kuchezea?" humtazama toka utosini hadi kwenye kandambili, kisha huendelea kukata. Vinyumba vya kuchezea! Wachora ramani walimfuata mpaka Mbweni, kwenye baraza ya nyuma ya nyumba yake, wamwombe awajengee modeli ya skuli au ya hoteli kabla msingi haujachimbwa, na hakuna aliyerudi kumwambia dirisha limekaa upande. Vifaa vyake vyote vilienea juu ya meza moja: kadibodi nene na nyembamba, kisu cha wembe, rula ya chuma, msasa, gundi nyeupe, kibano cha kushikia visivyoshikika, na sindano za cherehani za kuchongea nakshi.

Lakini modeli hii haikuagizwa na mtu. Alijiagiza mwenyewe, na aliijenga roho mkononi.

Nyumba yao ya Mji Mkongwe, mtaa wa Kajificheni, iliporomoka katika masika yaliyopita. Ulianza ukuta wa nyuma, likafuata paa, kisha wakafuata watu wa kupiga picha. Hakuumia mtu, alhamdulillahi, kwani Bi Tahiya, mama yake Riyama, alikuwa keshahamia Mbweni kwa bintiye. Mwili ndio uliohamia. Akili yake, iliyokuwa imeshaanza kuvuja kidogo kidogo kwa maradhi ya kusahau, ilibaki kule kule Kajificheni.

Kila baada ya sala ya alasiri Bi Tahiya alitia kwenye sahani chochote alichokikuta jikoni, kikiwa vitumbua, kikiwa muhogo, hata wali wa mchana, akaifunika kawa, akajitanda kanga yake, akaanza safari. Kwanza alikwenda mpaka mwisho wa ukumbi, penye ukuta mtupu mweupe, akaupapasa. Akiona ukuta haumsikii, aligeuka akatokea mlango wa mbele. Siku moja Kificho, mwenye duka la jirani, alimkuta katikati ya barabara kuu na sahani yake mkononi, magari yanampigia honi huku na huku, naye anayatazama kama watoto waliokosa adabu. Kificho alimrudisha kwa heshima zote, lakini habari ilimfika Suhail huko Maskati kabla ya Magharibi.

Suhail ni mdogo wake Riyama kwa umri, lakini kwa kauli ni mkubwa wa ukoo mzima.

"Dada, basi," alisema kwenye simu. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nnakuja kumchukua. Mie nnakaa ghorofa ya tisa, na mlango wangu unafunguliwa kwa namba. Hatoki."

"Umfungie mama kwa namba?"

"Afadhali namba kuliko lori."

Riyama alijua mama yake ghorofa ya tisa, asikojua hata adhana inatokea upande gani, hatamaliza mwaka. Akaomba kitu kimoja tu: amalizie nyumba yao ya modeli. Mama akiiona nyumba yake ipo, imekaa mezani, roho itatulia na hatokwenda tena kuitafuta barabarani.

"Nyumba ya karatasi, dada?"

"Nyumba yetu."

Suhail alivuta pumzi. "Haya. Nikija nikaona imemtuliza, ntamwacha. Haikumtuliza, nnaondoka naye, na usinililie."

Basi Riyama akaingia kazini. Mita moja ya nyumba ikawa sentimita mbili za kadibodi. Ya kupimwa haikuwepo tena, lakini vyumba vya Mji Mkongwe havikukatwa kwa matakwa ya mtu; mwenye nyumba angetaka ukumbi mpana kama uwanja, boriti ya mkoko ndiyo iliyosema mwisho wake. Alikwenda kwenye kifusi, akatafuta boriti moja nzima, akailazia futikamba, na kutokea hapo nyumba ikaanza kumjia chumba baada ya chumba. Boriti za modeli alizifanya kwa vijiti vya mishikaki, akavichovya kwenye chai ya rangi iliyokolea vipate uzee. Kuta alizipaka chokaa iliyochungwa kwa kitambaa, ikachanganywa na gundi, akaidonoa kwa sponji, kwa sababu ukuta wa mawe na chokaa haunyooki, na ukinyooka basi ni uongo. Mlango wa mbele aliuchonga kwenye kipande cha mvule kisichofika kiganja, amevaa miwani miwili juu ya pua moja, ua kwa ua na mnyororo kwa mnyororo. Mlango peke yake ulimchukua muda zaidi kuliko kuta zote.

Darini, ghorofa ya juu, kwenye chumba cha mama, ukuta wa kaskazini ulikuwa na vidaka vinne vya kuwekea vyombo, vidogo na vya sawasawa. Cha tano kilikuwa kikubwa mno, kimeanzia sakafuni, kimo chake karibu na cha mtu. Riyama alikikumbuka vizuri, kwani utotoni alikuwa akijificha humo wakicheza kibe. Alikumbuka na ufa wake. Kila mwaka baba akipaka chokaa, na kila mwaka ufa ukirudi pale pale, ukikizunguka kidaka chote. Mafundi wa zamani nao walikuwa na vituko, alijisemea. Akakiweka kidaka kilivyokuwa, na kwa yale maringo yake akauchora na ufa, kwa penseli iliyochongwa mpaka ikawa sindano. Kisha akafunika paa juu na kuligandisha kwa gundi.

Suhail alifika na mabegi yake na kopo la halua ya Maskati. Akamwamkia mama yake, akaitikiwa marahaba nzuri, japokuwa Bi Tahiya hakuwa na hakika ya huyu baba mwenye ndevu ni nani. Riyama akamshika mama mkono, akamleta mezani, akaondoa kitambaa.

"Mama, hebu tazama."

Bi Tahiya aliizunguka meza polepole. Aliinama kwenye mlango, akautazama kwa muda.

"Mashaallah," alisema. "Nyumba nzuri. Mlango wa watu wenye nafasi zao huu. Ya nani?"

"Yetu, mama. Ya Kajificheni."

"Haya," alisema Bi Tahiya, kwa ile sauti ya kumridhisha mtoto. "Mungu awape kheri wenyewe."

Laiti Suhail angecheka, Riyama angepata wa kugombana naye. Hakucheka. Alisema tu kwa upole kwamba wataondoka keshokutwa. Riyama akaenda jikoni, akafungulia mfereji ili asisikike, akalia. Alilia uchungu wa mama na uchungu wa kazi yake, na hakujua upi uliomzidi.

Kesho yake alasiri Bi Tahiya akainuka kama kawaida. Vitumbua kwenye sahani, kawa juu, kanga begani, huyo mpaka mwisho wa ukumbi. Siku zote Riyama humkimbilia na kumvuta mkono: mama turudi, mama hapana njia hapo. Siku ile hakuwa na nguvu hata ya kumvuta. Alisimama tu, akatazama.

Na alipotazama, jicho lake la fundi likapima bila ya kuombwa. Mkono wa kulia wa Bi Tahiya ulishika sahani. Wa kushoto ulipanda usawa wa bega, ukafanya kama unaondoa komeo. Kisha akainamisha kichwa, kidogo tu, kama anayepita chini ya kizingiti kifupi, na paji la uso likagonga ukuta. Lo! Mtu aliyepotea hainamishi kichwa. Anayeinama huijua njia yake.

"Mama," aliita Riyama. "Unampelekea nani?"

Miezi yote ile, swali jepesi kama hilo, hakuna aliyeuliza. Wote walikuwa wanashughulika kumrudisha.

Bi Tahiya alimgeukia, akashangaa. "Ulfat. Nani mwengine?"

Ulfat alikuwa shangazi yao, dada wa baba, aliyefariki kwa uzazi kabla Riyama hajazaliwa. Walimjua kwa picha moja tu. Nyumbani jina lake likitajwa, baba alikuwa akibadilisha mazungumzo.

"Na shangazi Ulfat anakaa wapi, mama?"

"Hapo," alisema Bi Tahiya, akaugusa ukuta.

Riyama akamshika, akamleta tena kwenye meza, akatwaa msumeno mdogo. Akauingiza chini ya paa alilolisawazisha kwa wiki nzima, akakata.

"Khaa! Dada!" Suhail aliruka kitini. "Una wazimu? Kazi yote ile!"

"Nyamaza, Suhail."

Aibu ilikuwa imemshika, aibu ya fundi. Nakshi za mlango, mapambo ya madirisha, vyote hivyo ni vya kuonwa na mpita njia. Mama yake ujanani aliupita mlango ule kwa nadra, kajifunika buibui, kichwa chini. Maisha yake yalikuwa darini. Riyama alikuwa amemjengea mama yake nyumba ya watu wa barabarani, kisha akaona ajabu asipoitambua.

Paa likatoka na kipande cha ukuta. Bi Tahiya akachungulia. Hakuambiwa kitu. Kidole chake kikaingia chumbani, kikapita penye kitanda, kikavipita vidaka vinne bila ya kuvisalimia, kikafika kwenye kidaka kikubwa. Ukucha ukaufuata ule ufa wa penseli, chini, juu, mpaka ulipoanzia.

"Hapa," alisema. "Nani kapaziba?"

"Palikuwa na nini, mama?"

"Wikio."

Riyama alikaa kitako. Wikio ni ujia wa juu, unaovuka uchochoro kutoka nyumba moja hadi ya pili, ili wanawake wa darini watembeleane pasi na kushuka njiani. Modeli ngapi za watu alizitia mawikio! La kwao wenyewe hakuwahi kulisikia.

"Mie huku, Ulfat kule," alisema Bi Tahiya, na sauti yake ilikuwa imenyooka kama ya mtu asiyeumwa. "Alasiri nampelekea sahani, Magharibi inarudi na kitu chake. Sahani hairudi tupu. Hata alipokufa nikawa nnapeleka, nikiiweka pale mlangoni pake. Baba yenu akauvunja ujia, akaleta mawe na chokaa, akapaziba. Akasema nikiona ukuta ntasahau." Akainua macho, akawatazama mmoja mmoja. "Nlisahau?"

Suhail alikuwa anatazama sakafu.

Riyama akatwaa kisu cha wembe. Akakata juu ya ufa, akauzunguka wote, na kile kipande cha kadibodi kikaanguka mezani. Bi Tahiya akapitisha kidole kwenye uwazi. Kikatokea upande wa pili, kikapapasa huku na huku, kisikute kitu.

"Hayupo," alisema.

"Hayupo, mama. Alikufa zamani."

"Inna lillahi," alisema Bi Tahiya, na akalia. Alilia kama msiba umeingia asubuhi ile, kwa sauti, kanga mdomoni. Suhail akaanza, "Mama, nyamaza, mama," lakini Riyama akamzuia kwa mkono.

"Mwache alie. Hakuwahi kuachwa."

Alipokwisha kulia alijifuta, akaitazama sahani yake, akamsogezea Suhail. "Kuleni. Chakula cha watu kisilale." Suhail alikula vitumbua vyote. Baada ya sala ya Magharibi aliikosha ile sahani mwenyewe, akaijaza halua, akaifunika kawa, akaiweka mbele ya mama yake. Bi Tahiya akaifunua, ikamfikia harufu ya hiliki.

"Haikurudi tupu," alisema, akamega.

Siku ya pili mabegi ya Suhail yalikuwa mlangoni. Ilipofika alasiri Bi Tahiya akainuka na sahani yake, na watoto wake wote wawili wakamfuata kwa macho. Alifika mwisho wa ukumbi. Alisimama mbele ya ukuta mweupe kidogo. Kisha akageuka, akapita karibu na mlango wa mbele bila ya kuutazama, akaja mezani, akaiweka sahani kando ya nyumba, akaketi. Akapitisha kidole kwenye uwazi, akauliza kama hakuwahi kuuliza, "Hayupo?" Riyama akamwambia hayupo. Akalia tena, kidogo kuliko jana, akamsomea Ulfat Fatiha, kisha akawaambia wale vitumbua.

Riyama akawa anaitazama modeli yake. Paa limetengana, ukuta umeraruka, kingo za ule uwazi zimechakaa kwa kisu cha haraka. Mkono ukamwasha. Akakoroga chokaa kidogo na gundi kwenye kifuniko, akachukua brashi, akausogelea ukuta wa kaskazini apasafishe japo kingo.

Suhail akamshika mkono.

"Usizibe, dada," alisema.

"Na Maskati?"

"Ntakwenda peke yangu." Akavuta kiti, akakaa karibu na mama yake, akachukua kitumbua.