Bunduki Nyepesi ya Verla

Tangu mumewe Hollis azikwe mwezi wa Machi, Verla Nygaard hakuwa amelia. Si kwamba alijikaza. Alikuwa amekufa ganzi tu, kama taya baada ya sindano ya daktari wa meno: unaligusa, unajua ni lako, lakini halikujibu. Majirani wa bondeni walimletea mabakuli ya viazi vya jibini mpaka friji ikajaa. Alisema asante, akayaosha, akayarudisha. Wakamsifu kwamba ni mwanamke shupavu. Watu wakinyimwa machozi husema chochote.

Maren, binti yake wa pekee, hakudanganyika. Aliishi Spokane, upande wa pili wa milima, na kila Jumapili alipiga simu.

"Mama, huwezi kukaa huko peke yako. Theluji ikifunga njia nani atakuletea nyama?"

"Nitajiletea."

"Kwa bunduki ya baba? Ile iliyokutegua bega?"

"Nitanunua yangu."

Maren akacheka kwa hasira. "Haya. Ukijaza friza kwa mkono wako mwenyewe kabla ya Sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba, sitasema neno tena. Usipojaza, unafunga nyumba unakuja kwetu. Nipe neno lako."

Verla akampa. Nyumba ile ilikuwa na zizi bovu na jiko la kuni lililofukiza moshi ndani, na huko nyuma aliipenda kuliko kitu chochote. Sasa alikumbuka tu kwamba aliipenda. Lakini mtu hushika alichonacho, naye hakuwa na kingine cha kushika.

Akaenda mjini dukani kwa Royce.

Ni vizuri kusema ukweli kuhusu wanaume wa bonde lile la Montana. Kila mmoja ana magnum, bunduki kubwa ya kumwangusha kifaru, na kifaru hajawahi kuonekana huko. Hollis naye alikuwa hivyo hivyo. Yake iliunguruma kama radi na kupiga teke begani kama punda. Zamani Verla aliwahi kuichukua kwenda kuwinda, na kabla hajavuta kifyatulio macho yalijifumba yenyewe kwa kuogopa lile teke. Alimpiga elki tumboni. Elki ni mnyama wa jamii ya kulungu, ukubwa wake kama ng'ombe, na ng'ombe mzima alikimbia na risasi yake tumboni mpaka giza likaingia wasimwone. Tangu siku hiyo Verla hakuwinda tena. Akabaki gerejini, akimtengenezea mumewe risasi.

Royce alitoa magnum, akailaza juu ya kaunta. "Kwa elki, Bi Verla, ni hii tu."

"Hiyo naijua, Royce. Nimeolewa nayo maisha yangu yote. Nataka isiyopiga teke."

"Isiyopiga teke ni ya sungura."

"Elki hasomi kilichoandikwa kwenye ganda la risasi. Mapafu yakitoboka anakufa, awe ametobolewa na nini sijui."

Royce akakuna kidevu, akaleta nyingine kutoka nyuma: mtutu mwembamba, kitako kifupi, ganda lake dogo la milimita saba. Verla aliiweka begani huku amefumba macho, kisha akafumbua. Alikuwa anaangalia katikati ya darubini, bila kuinua shingo wala kuinamisha. Akaibeba kwa mkono mmoja mpaka dirishani na kurudi.

"Hii," alisema.

Bunduki nyepesi nayo ina ujanja wake. Uzito unaoukwepa kilimani hukurudia begani. Ndiyo maana hakutaka ganda kubwa, na ndiyo maana hakutaka risasi za dukani, zinazoshindiliwa baruti kwa kumfurahisha mwenye misuli. Alitaka kujaza zake, kwa kiasi chake, baruti ya kutosha kumuua elki lakini isiyomtisha yeye mwenyewe.

Kazi ya kujaza aliijua kuliko kusuka nywele. Unasafisha ganda, unalibana lirudie umbo lake, unalipachika matakoni fataki ya kuwashia baruti, unapima baruti kwenye mzani, unaimimina, kisha unashindilia risasi mdomoni. Ila katika nyumba ile kazi hiyo ilikuwa ya watu wawili, kwa maana mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Verla alimimina, akayasimamisha maganda kwenye kibao yakiwa wazi midomo. Hollis akaja na tochi ndogo, akainama, akachungulia kila moja kama baruti imo. "Nimeona," alisema kila mara, kama mtu anayeitikia amina. Mpaka atamke hivyo, hakuna aliyeshindilia kitu. Waligombana kuhusu kila jambo lingine mezani pale, hasa kiasi cha baruti, maana Hollis hakujua neno 'kidogo'. Kuhusu tochi hawakuwahi kugombana.

Majira yote ya joto Verla alijaza na kupima shabaha kwenye mchanga nyuma ya zizi. Matundu yalikaa karibu karibu, begani hakupata hata jeraha. Hakufurahi wala hakuchukia. Mwezi wa Oktoba alijaza zile za kuwindia. Alipofika mwisho wa kibao alisimama, mikono juu ya meza, akisubiri. Hakujua anasubiri nini. Baada ya muda akaanza kushindilia.

Shemeji yake Delmar, kaka mkubwa wa Hollis, alimchukua kwa pikapu yake alfajiri ya siku yenye baridi kali ya Novemba. Aliitazama bunduki, akaguna.

"Shemeji, hiyo ni bunduki au mwiko?"

"Mwiko ndio unaokulisha kila Jumapili, shemeji."

"Basi nisiseme. Nisije nikafa njaa."

Walipanda mpaka jua likafika kwenye misonobari. Delmar alikuwa anahema na magnum yake mgongoni kama amebeba mlango. Verla alipanda bila shida, akiziona pumzi zake mwenyewe zikitoka nyeupe, kama za mtu mwingine. Walipochungulia bonde dogo upande wa pili, kundi la elki lilikuwa linakula. Jike mmoja mkubwa alisimama pembeni, ubavu wazi.

Verla akalala kifudifudi, bunduki juu ya mkoba wake. Macho hayakujifumba. Mapafu ya elki yalikuwa pale, nyuma ya bega, na nyumba yake ilikuwa pale pale. Akavuta kifyatulio taratibu.

Ikatoka pf. Basi. Kama mtu aliyezima mshumaa.

Bunduki haikutingishika. Elki aliinua kichwa, akatafuna. Verla alivuta komeo la bunduki, ganda likaanguka, mkono wake ukaanza kusukuma risasi nyingine. Delmar akaudaka.

"Usiweke! Utajiua! Ya kwanza imekwama mtutuni!"

Wote wawili walijua maana yake. Fataki ilikuwa imewaka peke yake. Ganda lile halikuwa na baruti hata chembe.

"Chukua yangu," Delmar alinong'ona, akimsukumia magnum. "Haraka, bado amesimama."

Aliichukua. Aliiegemeza begani, akamweka elki kwenye darubini, na macho yakajifumba yenyewe, vile vile kama zamani. Akayafumbua. Yakajifumba tena. Akairudisha.

"Piga wewe. Mimi nitamjeruhi."

Delmar akapiga. Bonde lilipotulia, elki alikuwa chini.

Walipomfikia, mzee alivua kofia, akaangalia huku na huku kama mwizi wa kuku. "Weka kibali chako cha kuwinda, shemeji, ionekane umempiga wewe. Mimi nina wiki nzima ya kutafuta mwingine. Nani atasema? Hii miti?"

Verla alikunja mikono ya koti, akatoa kisu, wakaanza kumpasua. Vidole vyake vilikuwa vimeganda, havisikii mpini. Alipoingiza mikono kifuani kwa elki kukata koo la pumzi, ndani mlikuwa na joto kali. Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha damu yake mwenyewe ikaanza kurudi vidoleni, ikirudi na sindano, na maumivu yakapanda mpaka viwikoni. Akapiga kelele.

"Umejikata?" Delmar aliruka. "Nionyeshe! Umejikata?"

"Hakuna aliyeangalia," Verla alisema. Alikuwa amepiga magoti, mikono bado ndani, machozi yanamdondoka puani. "Nilimimina, nikasubiri aje aangalie. Nilisimama pale kama mpumbavu, Delmar. Hakuja mtu."

Delmar alikaa kwenye theluji upande wa pili wa mnyama, naye akalia, kwa sauti mbaya ya wazee wasiozoea. Walilia mpaka mgongo wa elki ukaanza kushika barafu.

"Weka kibali chako," Verla alisema mwishowe. "Wewe ndiye uliyempiga."

Jua lilikuwa linazama alipompigia Maren, akiwa bado na damu kwenye kucha.

"Mama! Umepata?"

"Delmar amepata. Ganda langu halikuwa na baruti."

"Halikuwa na baruti?" Maren alikuwa amekulia kwenye gereji ile, chini ya meza ile. Swali likamtoka kabla hajaliwaza. "Kwani nani aliangalia?"

Upande wa pili wa milima binti alisikia alichouliza, na simu ikabaki na pumzi tu, kisha kwikwi.

"Mama, basi," alisema alipoweza. "Sahau yale tuliyosema. Hilo halihesabiki. Baki kwako."

"Linahesabika. Leo limekuwa ganda tupu. Kesho nitaacha jiko wazi niende kulala, nikimsubiri mtu aje aangalie." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Neno ni neno. Uje na gari kubwa."

"Lakini unataka kukaa huko? Niambie ukweli. Kila nikikuuliza unasema hujui."

Verla akaangalia zizi bovu kupitia dirishani, na moshi wa jiko ukitambaa darini. Moyo ulimshika kwa nguvu mpaka ikambidi aegemee meza.

"Nataka," alisema. "Kuanzia leo nataka sana. Njoo unichukue kabla theluji haijafunga njia."