Sauti Thelathini na Moja za Baba

Kabla ya upasuaji wa koo ulioondoka na sauti yake, baba alirekodi sentensi mia nne. Nikampangia kwenye kompyuta, kila kitufe na sentensi yake. Draiva ya diski, yaani ile programu inayosafirisha data kati ya kompyuta na diski iliyohifadhi sentensi hizo, niliiandika mwenyewe. Nilijisifu mpaka nikawachosha watu.

Wiki ya tatu baba alibonyeza "Naomba maji", sauti yake ikasema, "Funga mlango, baridi inaingia." Mama akainuka, akafunga mlango. Baba akabonyeza tena, ikatoka nusu maji nusu mlango. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kufikia Ijumaa hakuna aliyekuwa akicheka, maana sauti nyingine baba hana.

Kwanza niliisingizia diski, kwani kujilaumu kunauma. Nikaichomoa, nikaichomeka kwenye mashine ya kazini isiyotumia draiva yangu, nikajaribu "Naomba maji" na nyingine tano. Zote safi. Basi mkosaji alikuwa mimi. Niliipitia draiva mstari kwa mstari nikaliona kosa: maombi mawili yakija kwa mpigo, ilidai data imefika kabla haijafika, na kompyuta ikachukua mabaki ya sentensi iliyotangulia. Nikarekebisha mstari mmoja tu, nikarudi nyumbani mbio.

"Baba, sauti zako zote ziko salama!"

Akainamisha kichwa. Akavuta daftari, akaandika: *Nilikuwa nasahihisha.*

Baba amefundisha miaka arobaini, hawezi kuona kosa akaliacha. Baada ya kile cha maji, kila kitufe kingine kilipokosea, alitafuta kingine kilichotoa maneno yanayofaa, akakinakili juu yake. Kumbe sentensi ya zamani ilikuwa nzima, akaifuta, na nakala nayo ikapita kwenye draiva yangu mbovu, ikaharibika. Aliviorodhesha kwa kalamu nyekundu: vitufe thelathini na kimoja. Nakala ya akiba sikuweka, mimi ninayewagombeza wateja kwa jambo hilohilo.

"Kosa ni langu, baba, si lako," nikasema, nikaangua kilio. Akanifuta machozi kwa mkono wa shati lake.

Mama aliisoma orodha, kidole kikishuka taratibu. Kikasimama kwenye namba kumi na nane: *Umeamkaje, mke wangu?*

"Na hii pia?"

"Na hiyo pia, mama. Nisamehe."

Mama akavuta kiti, akasogeza kipaza sauti.

"Washa."

"Unataka kufanya nini, mama?"

"Washa, mwanangu. Aliyekuwa akiambiwa ni mimi, naijua vizuri kuliko hiyo diski yako."

Akakohoa kidogo, kama baba alivyokohoa kila akitaka kusema. Akaishusha sauti mpaka kifuani, akaitamka, akilivuta lile neno "mke" vilevile. Mabega ya baba yakatikisika. Sikujua anacheka au analia, nami nilikuwa nafanya yote mawili.

Siku hizi kila asubuhi baba anabonyeza namba kumi na nane, na mama anaamkiwa kwa sauti yake mwenyewe.

"Nimeamka salama, mume wangu," anajibu, akimtazama baba.