Ukweni, Ng'ambo ya Danubi

Zipu ya sanduku ililia kidogo, ikanyamaza, ikalia tena. Koko Goretti alifumbua macho gizani. Nyumba yao ya Champlin, Amerika, aliijua kwa masikio: friji inavyonguruma, bomba la bafuni linavyodondosha, ngazi inavyolalamika mtu akipanda. Zipu haikuwa na kazi ya kulia saa ile. Aliinuka, akajifunga kitenge, akaenda sebuleni taratibu.

Merveille, mjukuu wake, alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, mkononi ameshika mfuko wa ndagala.

"Mwizi," Goretti alisema.

"Koko! Umenishtua."

"Mwizi lazima ashtuke. Rudisha samaki wangu."

"Koko, harufu itajaza uwanja mzima wa ndege. Nitaona haya."

"Haya utazoea. Nani amekuambia mtu anakwenda ukweni mikono mitupu?"

"Si ukweni bado," Merveille alisema kwa sauti ndogo. "Hujasema ndiyo."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo sababu ya safari. Plamen, kijana aliyefanya kazi na Merveille katika ofisi moja kule Plymouth, alikuwa ameomba kumwoa. Goretti alimpenda. Wakati wa baridi kijana huyo alipita alfajiri akawaondolea theluji mlangoni, halafu akaenda zake bila kugonga, bila kungoja aksanti. Lakini kwa watu wa kwao Bukavu, msichana haozwi kwenye nyumba ambayo hakuna mkubwa wake aliyekaa ndani yake na kula. Plamen hakuwa na wazazi. Alilelewa na bibi yake, Radka, katika mji wa Ruse, Bulgaria, na magoti ya Radka hayakutaka tena habari za ndege.

"Basi nitakwenda mimi," Goretti alikuwa amesema. "Jibu nitalitoa pale mlangoni kwao, siku ya kuondoka."

Merveille alilelewa na Koko huyo tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Bila neno lake, asingeweza kuolewa akiwa na moyo mweupe. Akawarudisha ndagala sandukuni, akafunga zipu.

Walishukia Bucharest, Romania, Plamen akakodi gari, wakasafiri mpaka kwenye daraja refu la chuma. Chini yake mto Danubi ulipita, mpana, rangi ya chai ya maziwa. Upande huu Romania, upande ule Bulgaria na mji wa Ruse. Goretti alikaza midomo. Madaraja ya mpakani aliyajua. Kwao mto Ruzizi unatenganisha Kongo na Rwanda, na askari wa pale hakuwahi kumwona akicheka. Lakini polisi wa huku aliinama dirishani, akamrudishia pasipoti mkononi mwake mwenyewe, badala ya kumtupia dereva zote pamoja.

"Huyu amelelewa," Goretti alisema. "Plamen, bibi yako tunamwitaje?"

"Baba Radka."

"Baba?"

Merveille alicheka. "Kwao bibi ndiye baba, Koko."

"Mimi nitamwita mukwe, nisije nikamwuliza mke wake yuko wapi."

Radka aliwangoja mbele ya nyumba ndogo karibu na mto, kitambaa kichwani, mikono myekundu kwa kumenya pilipili hoho alizokuwa akichoma uani. Alimtazama Goretti juu mpaka chini, akasema jambo. Plamen alilitafsiri kwa Kiingereza, Merveille akalitia Kiswahili, kwa hiyo kila neno lilipita kwenye vinywa viwili kabla ya kufika.

"Anasema alitegemea mwanamke mnene. Anauliza, Amerika hamli?"

"Mwambie chakula kipo, ila huyu Plamen ndiye anayekimaliza."

Kicheko cha Radka kilichelewa, lakini kilipofika kilitikisa kitambaa chake.

Kesho yake Goretti aliteka jiko. Alikaanga ndagala, akaanza kusonga bugali. Radka alisimama pembeni akitazama, halafu akatoka, akarudi na mwiko wake mwenyewe, mweusi kwa uzee. Kumbe na wao husonga unga wa mahindi. Alimsukuma Goretti kwa nyonga, akashika sufuria.

"Anasonga kama mtu anayemwogopa mume wake," Goretti alisema.

Maneno yalipomfikia, Radka alikunja mikono ya sweta na kusonga kwa nguvu hata sufuria ikataka kuruka. Wakala. Ndagala Radka aliwala na vichwa vyao, akaeleza kwamba wao pia hukaanga samaki wadogo namna ile, na wanaume huwanywea bia.

Goretti aliendelea kutazama, maana ndicho kilichomleta. Aliona kwamba kila akipanda kitandani anakuta chupa ya maji ya moto imefunikwa kwa blanketi upande wa miguu. Aliona ndara zimepangwa zikielekea alikokwenda, ili asizitafute. Aliona mkate wa juzi Radka akiula mwenyewe, na wa leo akiukata kwa ajili ya Merveille.

Jioni ya mwisho walikaa kwenye benchi ukingoni mwa Danubi, meli ya mizigo ikipanda polepole.

"Anauliza kama Mississippi yenu inaufikia mto huu kwa ukubwa," Merveille alisema.

"Pale Champlin bado ni mtoto. Mwambie aje auone ukikua."

Radka akajibu kwamba asingekwenda mbali hivyo kutazama mtoto wa mto. Goretti alicheka, kisha akatulia. "Mwambie mto nilioujua zaidi ni mdogo kuliko yote miwili. Niliuvuka usiku wa vita, huyu akiwa mgongoni, mama yake ameshakufa. Sikumwambia alie wala asilie. Alinyamaza mwenyewe."

Radka alisikiliza mpaka tafsiri ikaisha. Alivua shali yake, akamfunga Goretti shingoni, maana upepo ulikuwa umeanza. Hapo jibu la Goretti likawa limeiva.

Asubuhi alivaa kitenge chake cha sikukuu. Maneno alikuwa ameshayapanga mdomoni. Alitoka, akakanyaga kizingiti ili ageuke na kuyasema, na hapo hapo Radka, akitabasamu, akainua jagi na kumwaga maji yote mbele ya miguu yake.

Goretti alitazama maji yakishuka ngazini. Kwa mama yake, mgeni akiondoka hata ufagio haukushikwa mpaka amefika mbali. Na aliyemwagiwa maji miguuni alijua: nyayo zake zimeoshwa, asirudi. Aliyameza maneno yake, akatoa mkono, akaingia garini.

Walifika kwenye foleni ya malori, kabla ya daraja.

"Koko," Merveille alisema. "Ulisema mlangoni."

"Mlangoni nilifika. Ulikuwepo."

"Na jibu?"

"Turudi nyumbani, mtoto."

Merveille aligeuzia uso dirishani. Plamen alimwona kwenye kioo akifuta macho, akauliza kuna nini.

"Sijui," Merveille alisema. "Koko, amekukosea nini?"

"Ameosha nyayo zangu mbele ya watu. Na tabasamu juu."

Merveille alipomtafsiria, Plamen aliachia usukani. "Maji? Koko, hapana! Kwetu maji ni heri, safari yako iteleze kama yanavyoteleza. Siku nilipokwenda Amerika alinimwagia ndoo nzima. Viatu vililowa mpaka kwenye ndege."

Goretti alimgeukia.

"Ndoo nzima?"

"Ndoo nzima."

"Na mimi akanipa jagi tu?" Akajifunga kitenge vizuri. "Mume wangu, geuza gari."

Merveille alishika mdomo. Kwao Koko humwita mwanamume mmoja tu hivyo kwa utani: yule aliyemwoa mjukuu wake.

"Koko, ndege..."

"Ndege ni nyingi. Mume wangu, hujasikia?"

Radka walimkuta amekaa kizingitini, jagi pembeni, ncha ya aproni machoni. Alisimama kwa shida, akauliza wamesahau nini.

"Mwambie nimesahau kusema," Goretti alijibu. Alipanda ngazi iliyolowa, akashika mikono yake miwili. "Mtoto wangu nilimvusha mto mgongoni. Leo namshusha hapa kwako, mukwe wangu. Ndiyo. Na nilidhani unanifukuza, mzee mwenzako nisiye na akili, unisamehe."

Maneno yalipita kwa Merveille, aliyekuwa akilia, yakapita kwa Plamen, aliyekuwa akilia pia, kwa hiyo yalichukua muda. Radka aliposikia lile la kufukuzwa alipiga paja lake, akacheka mpaka akakohoa, kisha akamvuta Goretti kifuani na kumshikilia.

Plamen aliwasha gari mara mbili kuwakumbusha. Goretti alipokaa, Radka alimfuata, akaingiza mkono dirishani, akamshika kidole gumba kama mtoto.

"Anasema nini?"

"Anaomba uje tena, Koko," Merveille alisema. "Anasema usingoje harusi."