Damu ya Shemeji

Mtaalamu yule wa maabara alikuwa na sifa moja ambayo hata wasiompenda waliikubali: akishapima, kimepimwa. Kwa hiyo kishimo cha kumi na nne kwenye sahani ya kupimia damu kilipogeuka njano iliyoiva, hakujishuku.

Walikuwa wakitafuta chanzo cha baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mwenyewe na kumla viungo. Damu za wagonjwa zilitakiwa zionyeshe njano, dalili ya kingamwili zinazoshambulia viungo; za watu wenye afya zibaki kama maji. Kumi na nne alikuwa mtu mwenye afya.

"Imechafuka," alisema profesa, mkuu wao. "Itupe, tafuta nyingine."

"Nimerudia mara tatu, Profesa. Haikuchafuka."

"Mtu asiyeumwa atakuwaje na kingamwili hizo?"

"Labda zinatangulia, maumivu yanafuata."

Profesa akafungua kabati la daftari la siri lenye majina. Alisoma, akavua miwani. "Huyu umemleta wewe mwenyewe. Na amesaini kwamba tukiona jambo aambiwe."

Alikuwa shemeji wa mtaalamu, mume wa dada yake mkubwa, mkata mawe ambaye hajawahi kumeza hata kidonge cha kichwa.

Jioni ile alimkuta karakanani, mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu, sigara mdomoni.

"Shemeji, viungo vinasemaje?"

"Njoo tupigane mweleka, vitakujibu."

Dada yake alikuwa mlangoni na chupa ya chai. "Muulize habari za asubuhi," alisema. "Mwezi wa pili huu vifungo vya shati namfunga mimi. Eti anadeka."

Shemeji akacheka, ila hakukana. Mtaalamu akamshika mikono, akambonyeza vifundo vya vidole kimoja kimoja. Kwenye cha tatu, kicheko kikakatika.

"Kesho tunakwenda kwa daktari wa viungo," alisema. "Bado mapema, na mapema ndiyo dawa yenyewe. Hiyo sigara izime. Na jiwe likatwe kwa maji, si kavukavu. Vumbi na moshi vinaichokoza kinga huko mapafuni, siku ikikasirika inashukia vidoleni."

"Na nikikataa?"

"Utafungwa vifungo mpaka uzeeni," alijibu dada.

Alikwenda. Alianza dawa wiki ileile, na baada ya miezi mitatu alikuwa akivaa mwenyewe, tena haraka kuliko mkewe.

Maabarani, mtaalamu alitoa kwenye friza sampuli zote za miaka iliyopita zilizoandikwa "imechafuka". Zilikuwa kumi na moja. Waliopatikana wenye damu hizo ni tisa. Wanne walikwisha kuvimba vidole, na watatu kati yao walifanya kazi ya mawe. Profesa aliisoma orodha akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena.

"Ningezitupa," alisema.

"Ndiyo maana sikukuachia ufunguo wa friza."

Alimwekea mezani mpango mpya: kuwafuata wakata mawe wasioumwa kwa miaka mitano, kuona kinga inaanza kupotoka lini na kwa sababu gani.

"Wangapi?"

"Mia mbili na arobaini. Karakana sita zimeshakubali."

"Kabla mimi sijakubali?"

"Kwani ungekataa?"

Profesa akapapasa mfuko wa koti, akitafuta kalamu.