Simu Isiyoonyesha Uso

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Naungama mapema kabla bibi hajawasimulia mwenyewe, maana yeye huongeza chumvi, na chumvi yenyewe kakatazwa na daktari.

Nina kibanda cha kutengeneza simu, na fundi akizoea kufufua maiti hujiona nusu malaika. Simu ya bibi ilikuwa mzee mwenzake: ukiigusa leo, inaitika kesho. Alhamisi nikaichukua, nikaifuta yote, nikaiwekea Linux, mfumo wa bure usio wa kampuni yoyote, kama nilivyoifanyia yangu. Ikawa nyepesi, inafunguka hata kidole hujakitoa. Kupiga inapiga, ujumbe inatuma, saa inasema kweli. Nikajipongeza, kwa kuwa kibandani hakukuwa na mwingine wa kunipongeza.

Nilichosahau kuuliza ni jambo moja tu: mwenyewe anaitumia kwa kazi gani?

Masikio ya bibi yalistaafu mwaka juzi bila kuaga. Na mama mdogo, kitinda mimba wake, ni mpishi katika meli ya mizigo. Meli ikifika bandari yenye mtandao, humpigia mama yake kwa video, na bibi humsoma midomo. Hasikii neno, lakini hakuna neno linalompita. Mara nyingine hujisahau akampapasa mwanawe shavu pale kwenye kioo, simu ikakatika, tukaanza upya. Bahati hiyo huja mara moja kwa wiki sita, saba.

Jumamosi ile ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Bibi alioga asubuhi na mapema, akavaa gauni lake la kola, akaketi akielekea dirisha ili nuru impate usoni. Simu kaiegemeza kwenye kopo la sukari.

"Mume wangu, nimependeza?"

Nikamwonyesha dole gumba. Simu ikaita. Sauti tupu.

"Nimejaribu video mara nne," alisema mama mdogo. "Haipiti. Mmeifanya nini hiyo simu?"

"Nimeiboresha kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Programu ile ya video haikutengenezewa mfumo niliouweka. Nikajaribu kuifungua kupitia tovuti yake, ikakataa; nikafungua kamera, ndani giza kama la chungu. Na simu yangu nayo, ugonjwa ule ule, tena daktari wake mimi.

Bibi aliichukua simu, akafuta kioo kwa pindo la gauni. Akakitazama. Akafuta tena.

"Mbona simwoni?"

Nikamwekea sikioni. "Sema tena, mama," alimwambia mwanawe. "Sema tena." Kisha akanigeukia, macho yamemtoka. "Anaumwa, siyo? Mnanificha nini?"

"Tafuta simu ya mtu," mama mdogo akaniambia. "Nina dakika ishirini."

Nikatoka mbio, mtu mzima na tumbo langu. Mshonaji wa jirani alikuwa amefunga, kapeleka nguo kwa wateja. Fundi viatu akanitolea simu yake ya vibonye, akaisifia tochi. Kinyozi akaniangalia, mteja wake kanyolewa nusu kichwa, akasema, "Fundi simu unaazima simu? Basi kesho nami nitakuja kwako uninyoe." Lakini alinipa.

Niliporudi bibi alikuwa bado kaishika ile simu yake kwa mikono miwili. Nikaingiza namba kwenye ya kinyozi. Ikaita, ikaita, ikafunguka. Kofia nyeupe ya mpishi, paji la uso, nyusi mbili. Picha ikaganda hapo hapo. Ikazimika. Nikapiga tena mara tano. Meli ilikwisha ondoka.

"Ni yeye," bibi alisema. "Lile paji la babu yako." Akagusa kioo cheusi taratibu. "Midomo sikuiona. Alisema nini?"

Nikakaa mbele yake, nikapanua mdomo neno kwa neno. "Kasema ni mzima. Kakukumbuka."

"Hayo unasema wewe."

Hapo mwenye akili angeomba radhi akanyamaza. Mimi nikaanza kujitetea. Nikamwambia simu yake ilikwisha choka. Akasema hata yeye kachoka, mbona hatujamfuta. Nikamwambia hii mpya haina kampuni inayomchungulia. Akauliza nani wa kumchungulia ajuza. Nikaona nitoe hoja yangu kubwa.

"Bibi, simu zile nyingine zinasikiliza kila unalosema humu ndani. Kila neno."

Alinitazama midomo mpaka nikamaliza. Akanirudishia simu mkononi.

"Waache wasikilize, mume wangu. Tangu mwanangu apande meli, humu ndani nani mwingine ananisikiliza?"