Mipira Miwili ya Anaclet

Kwanza ulikuja mlio: grii, grii, grii, kama mtu anayetafuna changarawe. Ukungu ulikuwa umefunika mto Lualaba, mtumbwi hauonekani, lakini nilijua ni mota ipi na ni mkono upi ulioifunga. Mkono wangu. Mara ya tatu.

Mtumbwi wa Mama Sharifa ulipogusa ukingo wa bandari yetu, Alunguli, mwenyewe hakunisalimia. Alisubiri nifungue skrubu ya chini ya mguu wa mota, pale zinapokaa giya zinazozungusha elisi, ile feni inayosukuma mtumbwi majini. Mafuta yaliyopaswa kuwa na rangi ya asali yalitoka meupe, mazito, kama uji wa mchele.

"Maji tena," alisema. "Kesho napeleka magunia arobaini ya mchele Ubundu. Siku tatu mtoni, Yannick. Ikinifia katikati, nitapiga kasia mimi?"

"Nitaifunga upya, mama."

"Ulisema hivyo Jumatatu." Akamtazama Papa Félicien, fundi mzee wa bandari, aliyekuwa amekalia ndoo yake akitafuna karanga. "Nakupa mpaka saa sita. Baada ya hapo namwachia yeye."

"Mumuache mutoto," akasema Papa Félicien. "Hiyo njo kazi ya kwao. Baba yake alizamisha mota ya askari, yeye anazamisha ya mchele. Wanapanda cheo."

Watu wakacheka. Mimi sicheki mtu akimtaja baba yangu hivyo. Lakini kosa langu sikulijua. Nilikuwa nimeweka mipya ile mipira miwili ya duara inayoziba nyuma ya elisi. Nilipuliza upepo ndani kwa pampu ya baiskeli, nikazamisha mguu mzima kwenye beseni la maji, halikutoka povu hata moja. Na bado mto uliingia. Niliuchomoa mguu kwenye mota, nikaubeba begani, nikaenda nyumbani.

Baba alikuwa bustanini anachuma mboga ya lengalenga. Tangu vita hajashika spana. Nilitua mguu wa Mama Sharifa mbele yake, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaleta mwingine: mguu wa zamani wa Baba, giya zake zimevunjika, ambao nimejifunzia kazi yote. Hakuna fundi wa bandari aliyekubali kunifundisha. Basi ule niliufungua na kuufunga mara mia, nikikariri kila kipande kinaelekea wapi.

"Nimefanya sawasawa na wako," nikasema. "Nionyeshe nilipokosea."

Baba alipiga magoti, akapitisha kidole ndani ya tundu, kwenye ule ukingo mwembamba wa mpira ambao mafundi tunauita mdomo. Kisha akakaa chini kabisa, juu ya tuta.

"Midomo yote miwili umeielekeza ndani."

"Kama kwenye ule."

"Ule si wa kufundishia mtu."

"Ule njo tuliokuwa nao, Baba."

Aligusa tena mdomo wa mpira. "Mpira unazuia kile kinachokuja upande wa mdomo wake. Mmoja utazame ndani, mafuta yasitoke. Wa pili utazame nje, maji yasiingie. Pampu yako inasukuma kutoka ndani, ndiyo maana huoni povu. Mto unasukuma kutoka nje."

"Kumbe na wewe ulikosea."

"Mimi sikukosea."

Ndipo aliponieleza. Mwaka 2002, mimi bado mgongoni mwa mama, askari walioshika mji walimletea mota na bunduki. Walitaka kushuka mto wakachome vijiji. Baba aliifunga mbele ya macho yao, midomo yote ndani. Mota ilivuma vizuri siku mbili. Siku ya tatu giya zililana katikati ya maji, mkondo ukawabeba mpaka wakakwama kwenye mchanga. Hawakufika.

"Waliporudi niliwaambia mimi fundi wa baiskeli tu, mota siijui," alisema. "Walinipiga, wakacheka, wakanitupia mguu wao. Wangejua ni kusudi, nani angekulea? Félicien alikuwa pale. Yeye ndiye aliyetembeza habari."

"Na ukamwacha akucheke miaka yote hii?"

"Kwanza ilikuwa ili niishi. Halafu nikazoea."

"Mimi sijazoea."

"Yannick. Funga mota ya mama wa watu, basi."

"Nitafunga. Na nitasema."

Hakunikataza tena. Aliniambia tu nigeuze ngozi iliyo ndani ya pampu, ili ivute badala ya kusukuma.

Nilirudi bandarini na jozi yangu ya mwisho ya mipira. Mmoja niliutazamisha ndani, mmoja nje, grisi katikati. Nikajaza mafuta, nikazamisha mguu kwenye beseni, nikavuta kwa pampu mpaka mikono ikaniuma, kisha nikauacha humo muda mrefu. Jua lilikuwa karibu utosini nilipofungua skrubu. Ilitoka asali.

Papa Félicien aliinuka kwenye ndoo yake. Alichovya kidole, akasugua, akanusa.

"Nani amekuonyesha?"

"Baba yangu. Yule aliyezamisha mota ya askari. Aliizamisha kusudi, huku wamemshikia bunduki, ili wasifike walikokuwa wanakwenda."

"Anaclet alisema mwenyewe hajui mota. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Aliwaambia askari. Wewe, fundi mwenzake, uliamini kwa nini?"

Alipangusa kidole chake kwenye suruali, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Mambo ya vita mtamaliza wenyewe," Mama Sharifa akasema. "Mimi iko na mchele. Ikinizimia?"

Nikamjibu kwa sauti ya kufika mpaka mtumbwi wa mwisho. "Nitakaa nyuma, kando ya mota, mpaka Ubundu. Kila jioni nitafungua skrubu hii mbele yako. Mafuta yakitoka meupe hata tone moja, nitapiga kasia mimi, na sitagusa tena mota ya mtu. Yakitoka safi, Mama Sharifa, kila atakayekuuliza njiani nani fundi wako, nitamjibu mimi kabla yako: Anaclet wa Alunguli, na mimi ni mwanafunzi wake."